Nani Atamshika Mtoto kwa Saa Mbili?

Dada yangu humlisha mwanawe uji wa asubuhi kwa muda wa saa nzima, na siku ambayo shingo ya mtoto imekakamaa kupita kawaida, saa nzima haitoshi. Mtoto ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Hukalishwa katikati ya miguu ya mamake, mgongo wake ukiegemea kifua cha mama, kidevu kikiinamishwa kidogo, kwa sababu kichwa kikilala nyuma uji hupita njia ya pumzi badala ya njia ya chakula, na uji uliopita njia ya pumzi leo ni nimonia ya wiki ijayo. Kijiko huingia kikiwa nusu. Mama husubiri koo literemshe, hutazama, ndipo huchota kingine. Katikati ya kazi hiyo mlango hugongwa, simu hulia, maziwa huchemka jikoni mpaka yakamwagika, naye hana la kufanya, kwa kuwa akiinuka mtoto ataanguka.

Nimeanza na kijiko cha uji kwa makusudi. Tunapozungumzia dhiki ya wazazi wenye watoto walemavu hapa Mombasa, mazungumzo hukimbilia moyoni: mama amevunjika moyo, mama hajayakubali majaliwa, mama ana msongo wa mawazo na apelekwe kwa mshauri. Huenda yote hayo ni kweli, lakini hesabu ya saa na mikono hutangulia. Milo mitatu kwa saa moja moja ni saa tatu. Kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumnyoosha viungo ili misuli isikaze, kumgeuza usiku asipate vidonda, kumpa dawa ya kifafa kwa wakati wake bila kuruka hata dozi moja, kufua mashuka. Ukijumlisha, siku imekwisha kabla mama hajafanya jambo hata moja la kumletea shilingi, na kabla hajawatazama wale watoto wengine wawili na madaftari yao ya shule. Mtu anayefanya kazi ya zamu mbili kila siku kwa miaka tisa, bila Jumapili na bila Idi, atachoka hata awe na moyo wa chuma. Kinachomchosha ni kazi isiyokuwa na wa kuipokea.

Mwili nao una ushahidi wake. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Marsha Mailick Seltzer, walichapisha vipimo vya kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokabiliwa na dhiki, walivyowafanyia akina mama waliokuwa wakiishi na vijana au watu wazima wenye usonji, hali inayomtatiza mtu katika kuwasiliana na wenzake. Kiwango cha homoni hiyo kilikuwa kimeshuka kwa namna ile inayoonekana kwa askari waliokaa vitani, yaani kwa watu ambao miili yao imeitikia hatari kwa muda mrefu hata ikaishiwa na nguvu ya kuitikia. Ninaukumbuka utafiti huo kila ninaposikia mtu akimwambia dada yangu apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni koti analoweza kulivua na kulitundika ukutani.

Jambo linalonisumbua ni kwamba mji huu unajua kusaidia. Akifa mtu Majengo au Kisauni, hakuna anayempigia mfiwa simu kumwambia kuwa akihitaji kitu aseme. Turubai huja, viti huja, sufuria kubwa huja pamoja na wenye kuzipikia. Wanawake hukaa wakamenya vitunguu bila kuulizana nani alimtuma nani, vijana huchota maji, wazee hushughulikia sanda na kaburi, na mchango huanza kupita kwenye simu kabla ya adhuhuri. Mfiwa haachwi ashike mwiko. Arusini ni vivyo hivyo, ila kwa vigelegele. Ustadi huu wa kugawana kazi haukuandikwa popote, na sijauona ukitushinda hata siku moja. Lakini tuutazame unavyokwenda: una siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Matanga huanuliwa, hitima husomwa, arobaini hupita, na kila mtu hurudi kwake akijua ametimiza wajibu. Simfananishi mtoto na msiba, na ninaomba msomaji asinielewe hivyo. Ninalolipima ni umbo la msaada wenyewe. Msaada wetu umeshonwa kwa kipimo cha tukio, nao ulezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa hauna siku ya kuanua.

Dada yangu aliyaona hayo nyumbani kwake Mtongwe. Wiki ambayo daktari alimweleza hali ya mtoto, nyumba ilijaa. Makhalati walikuja na unga na sukari, majirani walipika, maustadhi wawili walisoma dua, na shangazi yetu mmoja alilala pale usiku nne. Mwezi wa tatu walikuwa wakija watu wawili. Mtoto alipotimiza miaka miwili, waliobaki walikuwa wale wa kuuliza mlangoni, "Mtoto aonaje leo?", kisha wakapita. Hawakuwa watu wabaya. Kwa kipimo tulichokizoea sote, mimi nikiwemo, walikuwa wamemaliza.

Watu wakiondoka hubaki maneno, na neno linalorudiwa kuliko yote ni subira. "Mwanangu, subiri, huyu ndiye ufunguo wako wa pepo." Mimi ni Mwislamu na sina ugomvi na subira, nimeiona ikimsimamisha dada yangu siku ambazo hakuna kingine kilichokuwa kimesimama. Ninachokipinga ni kuitoa mahali ambapo mkono ulihitajika. Mtu anayemhimiza mama asubiri, naye ana saa mbili za Jumamosi alasiri ambazo hana kazi nazo, amempa kilicho rahisi kutoa. Kanisani nako rafiki zangu Wakristo hunieleza habari iyo hiyo: mama huombewa, huwekewa mikono, machozi humtoka, kisha hurudi nyumbani peke yake na mtoto mgongoni.

Kuna maneno makali zaidi. Pwani yetu ina jina la kale la degedege, nyuni, ndege anayesemekana kumpitia mtoto akamkausha viungo, na palipo na nyuni hutafutwa aliyemwacha nyuni aingie. Mama alitembea wakati wa magharibi akiwa mjamzito? Kwao mna nini? Alimkosea nani? Kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, hunywewa, mganga hulipwa, mbuzi huchinjwa, na fedha zilizokuwa za nauli ya kliniki huishia hapo. Siwacheki wazazi wanaopita njia hiyo, maana hospitalini nako aghalabu hawaelezwi vya kutosha. Hakuna aliyekaa kitako na dada yangu kumweleza kwamba ubongo wa mtoto unaweza kuumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa umanjano mkali wa siku za mwanzo ambao haukutibiwa upesi, au kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Aliyajua baada ya miaka minne, kutoka kwa mama mwenzake waliyekuwa wakingoja zamu kwenye benchi moja. Kwa miaka hiyo minne alikuwa amelala na swali la alichokosea, na swali la namna hiyo ni kazi nyingine ya usiku.

Utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wazazi wa watoto wenye usonji hapa pwani ya Kenya, ulikuta kwamba unyanyapaa, ukosefu wa matibabu yanayofaa, gharama na uzito wa ulezi viliwaelemea wazazi wa dini na makabila yote bila kuchagua. Katika njia walizotumia kujikimu, sala na uponyaji wa kiroho vilikuwemo, na ndivyo ambavyo wengi wangetarajia. Lakini ilikuwemo pia njia ambayo haitajwi sana mimbarini, nayo ni kumpata mtu wa kukaa na mtoto ili mzazi apumzike. Wazazi wenyewe, walipoulizwa, waliutaja mkono.

Akina baba ninawataja kwa ufupi, si kwa sababu hawahusiki. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Nimewaona wanaume walioondoka, na nimemwona mmoja wa Changamwe aliyeacha kazi ya usiku bandarini ili awe anamwogesha binti yake kila asubuhi, kwa kuwa mkewe alikuwa ameumia mgongo. Tunamsifu huyo kama shujaa, na mkewe aliyefanya kazi hiyo miaka sita kabla yake hatukumwita chochote.

Serikali nayo ina hesabu yake. Katika mpango wa Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na ulemavu unaokusudiwa hapo ni ule unaomfanya mtu ahitaji mlezi wakati wote. Maelezo hayo yanakiri kwamba kuna mtu mzima ndani ya nyumba ambaye hawezi kwenda kibaruani, hawezi kukaa sokoni Kongowea, hawezi kukaanga viazi karai barazani bila kuinuka kila dakika tano, kisha yanamwekea mtu huyo na mgonjwa wake shilingi zisizofika 70 kwa siku. Sisemi fedha hizo hazifai. Dada yangu huzingoja, na zikichelewa duka la mtaani hulijua hilo kabla ya yeyote. Ninasema kwamba hazinunui saa hata moja ya msaidizi.

Hesabu ya watu nayo ina pengo. Sensa ya mwaka 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, sawa na asilimia 2.2, lakini takwimu hiyo ni ya watu wa miaka mitano na kuendelea. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajakaza shingo, wa miaka miwili ambaye hajakaa, wa miaka mitatu ambaye hatamki neno wala hamtazami mtu usoni, hayumo. Na hiyo ndiyo miaka ambayo mzazi anagundua, anazunguka, anauza vitu na kukosa usingizi. Mipango ikijengwa juu ya takwimu hiyo, wazazi walio katika kipindi kigumu kuliko vyote hawaonekani kwenye karatasi.

Ninataka kusema neno juu ya safari, maana wapangaji wa huduma hudhani kliniki ikiwepo basi huduma ipo. Kutoka Mtongwe hadi kisiwani kwa mazoezi ya viungo, mama huamka saa kumi na moja alfajiri. Mtoto ana kilo 20. Hufungwa mgongoni kwa leso mbili, ya pili ikipitishwa chini ya makalio, kwa kuwa moja huteleza. Makanga wa matatu humtaka alipie nafasi ya mkoba na ya kiti cha magurudumu akikibeba, ndiyo maana siku hizi hakibebi. Kwenye feri mwenda kwa miguu halipi, na hiyo ni rehema, lakini umati ukiachiliwa kushuka ule mteremko kila mtu hukimbilia kivuli, na miguu ya mtoto iliyokakamaa hutokeza pembeni ikiwagusa watu, na watu humgeukia mama. Ng'ambo ya pili kuna kupanda. Kisha tuktuk, kisha foleni, kisha dakika 20 za mazoezi, kisha njia ile ile kurudi na jua la mchana. Mwezi wa nne alianza kukosa. Katika daftari la kliniki iliandikwa kwamba mzazi hashirikiani.

Kiti chenyewe cha magurudumu walipewa kwenye hafla, pakapigwa picha. Kilikuwa cha mtu mzima, na uchochoro wa kwao haukipitishi. Shule moja ilikubali kumpokea mtoto kwa sharti kwamba mama akae naye darasani siku nzima, jambo ambalo kwa mama halikuwa tofauti na kubaki nyumbani. Mombasa haikosi shule maalum: ipo ya Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, ya Tom Mboya kwa wenye mtindio wa ubongo, ya wasioona kule Likoni na ya viziwi ya Ziwani, na kuna wazazi ambao shule hizo zimewarudishia maisha. Lakini shule humngoja mtoto afikie umri wa shule, na hufunga likizo.

Nifikie lile ambalo wazazi husemezana wenyewe kwa wenyewe na hawalisemi mbele ya watu. Nimelisikia kwa zaidi ya mama mmoja, na dada yangu aliniambia usiku mmoja tukikunja nguo, bila machozi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga: "Huomba Mungu amtangulize yeye, mimi nifuate siku ya pili." Anayelisikia kwa mara ya kwanza hushtuka, hudhani mapenzi yamekwisha. Mama huyo huyo ndiye anayeinamisha kidevu kile kila asubuhi ili uji usipotee njia. Anachosema ni kwamba amepiga hesabu ya jamaa zake wote, mmoja mmoja, na hakumwona wa kumrithisha kazi hii. Katika dhiki zote nilizozitaja, hii ndiyo iliyo mbali kabisa na uwezo wa ushauri nasaha, kwa sababu woga wenyewe una sababu.

Basi msaada upimwe kwa saa. Sheria hazitupingi katika hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, katika ibara ya 28 unazitaka nchi zizisaidie familia maskini zenye watu walemavu kwa gharama, mafunzo, ushauri na pia huduma ya kuwapumzisha walezi. Na mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria zetu kwa mujibu wa ibara ya 2 ya Katiba. Jedwali la Nne la Katiba hiyo, linapogawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti, limeweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo swali la kituo cha mchana ambako mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuachwa salama, akalishwa na mtu anayejua kidevu kikae vipi, lina mwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba ya vifaa na posho ya kila mwezi, tayari hupita mlango kwa mlango. Wakifundishwa kumtambua mtoto ambaye hajakaza shingo kwa wakati wake, na wakiandika pia mlezi amelala saa ngapi, kaunti itapata picha ambayo sensa haikuipata.

Nasi majirani tulijaribu. Mwaka jana wanawake wanne wa mtaa wa dada yangu tuliweka zamu, kila mmoja Jumamosi yake, saa nane hadi saa kumi. Tulitumia mpango wa vyombo vya arusi, jina la mtu na siku yake, karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango. Ilituchukua wiki tatu kujifunza kumlisha, na mmoja wetu alilia mara ya kwanza mtoto alipopaliwa. Dada yangu, Jumamosi ya kwanza, hakwenda popote. Alikaa chumba cha pili akisikiliza. Ya pili alilala. Ya nne alikwenda Mwembe Tayari kununua kitambaa, na akarudi na vitambaa viwili, kwa sababu alikuwa amekutana na fundi aliyekuwa akimpa kazi zamani za kushona mito na mapazia.

Zamu hiyo ilidumu miezi mitano. Ramadhani ilipoingia kila mmoja alibanwa na futari ya kwake, baadaye mmoja akahamia Jomvu kufuata kazi ya mumewe, mwingine akajifungua, na tuliobaki wawili tukawa tunaruka wiki. Sikuona uvivu katika hilo. Hisani ya watu wanne wenye shida zao haiwezi kubeba kazi ya miaka 20 peke yake, kama vile mchango wa mtaa usivyoweza kuendesha hospitali. Ilichotuonyesha ni kiasi: saa mbili kwa wiki zilitosha mama kulala, na kwa miezi mitano zilitosha kurudisha cherehani mezani. Kituo kimoja cha kaunti kwa kila eneo bunge, na yako sita Mombasa, chumba cha chini kisicho na ngazi, mikeka, viti vya kumshikilia mtoto, wahudumu watatu waliofundishwa kulisha na kunyoosha viungo, milango wazi asubuhi hadi alasiri hata wakati wa likizo: hicho ndicho ninachokitafuta kila bajeti ya kaunti inaposomwa. Karatasi ya zamu bado iko nyuma ya mlango. Jina langu limo, na Jumamosi hii ni yangu.